Ni kweli statini ni ukungu wa mchele uliowapa mbwa saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 62 na ana kisukari. Mwezi uliopita aliandikiwa atorvastatini, dawa ya jamii ya statini, ya miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku, kwa ajili ya kolesteroli. Kabla hajaanza, jamaa mmoja mtaani kwetu anayeuza virutubisho akamwambia kwamba dawa hizi ni ukungu wa mchele, kwamba kampuni ya Mjapani aliyezigundua ilizitupa baada ya mbwa kupata saratani, na kwamba mgunduzi mwenyewe hakuthubutu kuzimeza. Sasa vidonge viko kabatini, baba hataki hata kuviona, na badala yake amenunua kopo la unga wa mchele mwekundu "wa asili". Kuna ukweli wowote hapo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie baba salamu zangu.

Jamaa yenu hakutunga hadithi. Ukungu ulikuwepo, mchele ulikuwepo, mbwa walikuwepo, na kampuni kweli ilisimamisha kazi. Alichofanya ni kuyapanga mambo hayo kwa namna inayouza kopo. Kwa hiyo sitakuambia "ni uongo" nikaishia hapo, maana kesho baba akikutana na habari ya mbwa kwingine, hatakuamini tena wewe wala mimi. Nitakueleza kazi ya huyo Mjapani ilivyokwenda, kisha tulifungue hilo kabati.

Jina lake ni Akira Endo. Alizaliwa Novemba 1933 kwa wakulima wa Akita, kaskazini mwa Japani, na amefariki Juni 2024 akiwa na miaka 90. Babu yake alipenda mambo ya tiba na sayansi, na ndiye aliyemtia hamu ya uyoga na ukungu. Kwao kulikuwa na uyoga unaoua nzi lakini haumdhuru mtu anayeula. Endo, bado kijana wa sekondari, aliuchemsha na kuonyesha kwamba kitu kinachoua nzi kinatoka na kubaki kwenye maji ya moto. Akaenda Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, na huko akasoma habari za Alexander Fleming, yule Mskoti aliyeona mwaka 1928 kwamba ukungu wa Penicillium unaua bakteria. Tangu hapo alitaka kufanya kitu cha namna hiyo.

Mwaka 1957 aliajiriwa na kampuni ya dawa ya Sankyo, Tokyo. Kazi yake ya kwanza haikuhusu moyo hata kidogo. Alitakiwa kutafuta kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi ya kemia kwenye viumbe, cha kuvunja pektini ya matunda ili juisi na divai ziwe angavu kwenye chupa. Alipekua kuvu nyingi mpaka akakipata kwenye kuvu inayoshambulia mizabibu, na kikaenda sokoni. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuiruka sehemu hii, nami naona wanakosea. Pale ndipo alipojifunza uvumilivu wa kupekua sampuli moja baada ya nyingine, na pale ndipo kampuni ilipoanza kumwamini.

Kuanzia 1966 hadi 1968 alikuwa New York, kwenye chuo cha udaktari cha Albert Einstein, mtaa wa Bronx. Alishangaa kuona wazee wengi na watu wanene wengi, chakula kilichojaa mafuta, na magari ya wagonjwa yanayokuja kila mara kuchukua mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Magonjwa ya moyo ndiyo yaliyokuwa yakiongoza kwa kuua Wamarekani, na kolesteroli ilikwisha kutajwa kuwa mojawapo ya vyanzo.

Hapa inabidi tuingie kidogo kwenye kemia, kwa sababu bila hiyo habari ya mbwa haieleweki. Watu wengi wanadhani kolesteroli yote inatoka kwenye sahani. Sehemu kubwa tunaitengeneza wenyewe, na ini ndilo kiwanda kikuu. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1964 kwa kuonyesha jinsi mwili unavyoijenga kutoka kwenye kipande kidogo kabisa, asetati, kupitia hatua zipatazo 30. Katika hatua hizo, iko moja karibu na mwanzo inayoamua kasi ya kazi yote. Inaendeshwa na kimeng'enya kinachoitwa HMG-CoA reduktesi. Mwili wenyewe ukitaka kupunguza kolesteroli, hukanyaga breki hapo.

Kabla ya Endo walikuwepo waliojaribu kuziba njia hii, wakaziba mahali pabaya. Marekani iliwahi kuuza dawa iliyoitwa triparanol, iliyofunga hatua ya mwisho kabisa. Kolesteroli ikapungua, lakini kitu kinachotangulia kolesteroli kikakosa pa kwenda, kikarundikana mwilini. Watu wakapata mtoto wa jicho, nywele zikanyonyoka, ngozi zikaharibika. Iliondolewa sokoni mwaka 1962. Kwa hiyo Endo alipoanza, kulikuwa na madaktari wengi waliosema waziwazi kwamba kugusa utengenezaji wa kolesteroli ni hatari. Yeye alitaka kufunga hatua ya mapema, ambapo malighafi inayozuiliwa huyeyuka kwenye maji na mwili unaweza kuitumia kwa kazi nyingine bila kurundika chochote.

Kwa nini akatafute kwenye ukungu? Kwa sababu kuvu nazo zinahitaji njia hiyohiyo ya kemia kujenga utando wa seli zao. Endo alifikiri kwamba kama kuna kuvu inayopigana na wenzake, huenda imejitengenezea silaha ya kukifunga kimeng'enya hicho kwa adui. Yalikuwa makisio tu, na hakuna aliyemhakikishia kwamba silaha hiyo ipo.

Aprili 1971 akaanza, akiwa na Masao Kuroda na wasaidizi wachache. Kazi ilikuwa hivi. Unaotesha kuvu kwenye chupa yenye chakula cha maji, unachuja yale maji, unachukua tone lake na kulitia kwenye mchanganyiko wenye vimeng'enya vilivyotolewa kwenye ini la panya. Unaongeza asetati iliyowekwa alama ya kaboni yenye mionzi, unaacha kwa muda, kisha unapima ni mionzi kiasi gani imeingia kwenye kolesteroli. Ikiwa imeingia kama kawaida, unatupa chupa na kuchukua inayofuata. Kwa miaka miwili walipitisha takriban kuvu 6,000 namna hiyo.

Mwaka wa pili wakapata ya kwanza. Ilifunga kimeng'enya vizuri sana, na ilipotazamwa ikaonekana ni sitrinini, kitu kilichokuwa kinafahamika tayari kwamba kinaharibu figo. Ikawekwa kando. Ikumbuke hiyo sitrinini, maana tutakutana nayo tena kwenye kopo la baba.

Mwaka 1973 ndipo ikaja ile yenyewe. Ilitoka kwenye ukungu wa bluu-kijani, Penicillium citrinum, uliopatikana kwenye sampuli ya mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Huo ndio "ukungu wa mchele" wa jamaa yenu. Dutu hiyo waliiita ML-236B, na dunia ikaja kuijua kama kompaktini, jina lililotolewa na watafiti wa kampuni ya dawa ya Beecham, Uingereza, walioipata kwa njia yao wakitafuta dawa ya fangasi. Sehemu moja ya umbo lake inafanana na malighafi ambayo kimeng'enya kimezoea kuishika. Tofauti ni kwamba kimeng'enya kinaing'ang'ania kompaktini kwa nguvu takriban mara 10,000 kuliko malighafi yake halisi.

Naelewa kwa nini neno "ukungu" linamtisha baba. Sisi tumezika watu kwa ajili ya sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara walikufa watu waliokula mahindi yenye ukungu. Lakini ukungu haufanani. Penisilini inatokana na ukungu, na sidhani kama kuna mtu Morogoro aliyekataa sindano yake kwa sababu hiyo. Isitoshe, atorvastatini yenyewe haitoki kwenye ukungu wowote. Ilitengenezwa mwaka 1985 na mkemia Bruce Roth wa kampuni ya Parke-Davis, Marekani, na tangu mwanzo inaunganishwa kwa kemia kiwandani. Ilichochukua kwa kompaktini ni wazo, na kile kipande cha umbo kinachokidanganya kimeng'enya.

Sasa tuje kwa wanyama, ambako ndiko kazi ya Endo ilikokaribia kufa, na si mara moja.

Mwaka 1974 panya walilishwa kompaktini. Kolesteroli yao haikushuka. Wakaongezewa, bado haikushuka. Kampuni ya dawa ikiona hivyo huwa inafunga jalada, na Waingereza wa Beecham, ambao nao dawa yao haikufua dafu kwa panya, walifunga. Endo alikataa kufunga. Hoja yake ilikuwa kwamba dawa inakifunga kimeng'enya cha panya kwenye chupa bila ubishi, kwa hiyo kama haishushi kolesteroli kwenye panya mzima, basi panya ndiye mwenye jambo. Alikuwa sahihi. Panya akipewa dawa hiyo, ini lake huitikia kwa kutengeneza kimeng'enya kingi zaidi, mara kadhaa ya kawaida, kiasi cha kuizidi nguvu dawa. Tena panya hana kolesteroli nyingi ya aina ya LDL, ile inayoziba mishipa. Kumjaribia panya dawa ya LDL ni kumpima mgonjwa asiyeugua.

Mapema 1976, kwenye baa karibu na maabara, Endo alizungumza na mwenzake wa kampuni hiyohiyo, Noritoshi Kitano, aliyekuwa na kuku wa mayai kwa utafiti wake. Kuku wa mayai ni mnyama mwenye maana hapa, kwa sababu kila yai linabeba kolesteroli, na ini lake halipumzi. Wakachanganya kompaktini kwenye chakula cha kuku. Kwa muda wa mwezi hivi kolesteroli ya damu ilishuka karibu nusu, na kuku wakaendelea kula na kutaga kama kawaida. Baada ya kuku wakajaribu mbwa, halafu nyani. Kote ilishuka. Napenda kuwaambia wanafunzi wangu habari ya hao kuku, na huwa hawaiamini mpaka wasome wenyewe.

Dawa inashusha vipi, kama haikuweza kwa panya? Jibu kamili lilitoka Dallas, Texas, kwa Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Nobel mwaka 1985. Wao walikuwa wanatafuta sababu ya kolesteroli ya kurithi, wakakuta kwamba juu ya seli kuna vipokezi vinavyoikamata LDL kwenye damu na kuiingiza ndani. Endo aliwatumia kompaktini na wakafanya naye kazi. Kilichogundulika ni hiki: ini ni kama nyumba iliyozoea kula mahindi ya shamba lake. Shamba likikosa mavuno, nyumba haifi njaa. Inatuma watu wengi zaidi sokoni. Statini inakausha shamba. Ini likiona halina kolesteroli ya kutosha ndani, linatoa vipokezi vingi zaidi nje, navyo vinaichota LDL kutoka kwenye damu. Kolesteroli inashuka kwenye damu hasa kwa sababu ini linaichukua, si kwa sababu tu inatengenezwa kidogo.

Ukilielewa hilo utaelewa pia masaibu ya mgonjwa wa kwanza. Februari 1978, kabla kampuni haijaanza rasmi majaribio kwa watu, daktari Akira Yamamoto wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Osaka alimpa kompaktini binti aliyerithi kolesteroli ya juu kutoka kwa baba na pia kwa mama. Watu wa namna hii kolesteroli yao hufika mara kadhaa ya kawaida, na wengi walikuwa wakifa kwa moyo wakiwa bado vijana. Yamamoto hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Dozi ilikuwa kubwa. Kolesteroli ilishuka kidogo, kisha misuli ikaanza kulegea, wakasimamisha, baadaye wakaendelea kwa dozi ndogo. Leo tunajua kwamba huyo alikuwa mgonjwa mgumu kuliko wote ambao wangeweza kuanza nao. Mtu aliyerithi tatizo pande zote mbili hana vipokezi vinavyofanya kazi, kwa hiyo shamba likikauka hana wa kumtuma sokoni. Yamamoto alipowapa wagonjwa waliorithi upande mmoja tu, kolesteroli ilishuka kwa zaidi ya robo, na misuli yao ikavumilia. Kama wangeishia kwa yule binti, huenda dawa ingezikwa pale Osaka.

Na ule ulegevu wa misuli aliouona Yamamoto mwaka 1978 ndiyo athari ileile tunayowaonya wagonjwa hadi leo. Haikufichwa na mtu.

Mwisho wa 1978 Endo aliondoka Sankyo na kwenda kufundisha kwenye Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Tokyo. Kampuni iliendelea na majaribio kwa wagonjwa bila yeye. Agosti 1980 ikayasimamisha. Sababu ilikuwa mbwa.

Mbwa hao walipewa kompaktini miligramu 100 au 200 kwa kila kilo ya uzito, kila siku, kwa miaka miwili. Kwenye matumbo yao yakaonekana mabadiliko ambayo baadhi ya wataalamu waliyasoma kuwa limfoma, aina ya saratani. Endo alipinga usomaji huo, na alipinga pia kipimo chenyewe. Tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme baba yako ana kilo 70. Dozi ya mbwa wale ya miligramu 200 kwa kilo ni miligramu 14,000 kwa siku. Kwa ukubwa wa vidonge vya baba, vya miligramu 20, hivyo ni vidonge 700 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miaka miwili. Kompaktini na atorvastatini si dawa moja, kwa hiyo usiichukue hesabu hii kama mizani ya maabara, lakini inakuonyesha tunazungumzia nini tunaposema "mbwa walipata saratani".

Je, kampuni ilikosea kusimamisha? Kwa wakati ule, sidhani. Aliyesikia neno saratani kuhusu dawa ambayo mtu atameza maisha yake yote alikuwa na haki ya kusita. Waliolipa ni wagonjwa waliosubiri miaka saba zaidi.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wamelishika jambo. Sankyo ilikuwa imewapa Merck, kampuni ya dawa ya Marekani, taarifa na sampuli za kompaktini kwa makubaliano ya siri. Merck, iliyoongozwa kwenye utafiti na Roy Vagelos, ikaanza kupekua yenyewe, na mwishoni mwa 1978 Alfred Alberts na Julie Chen wakapata dutu ya jamii hiyo kwenye Aspergillus terreus. Waliipata ndani ya muda mfupi tu wa upekuzi. Endo alihangaika miaka miwili. Hapo ndipo ninapouma midomo, maana anayejua kwamba kitu kipo na kinafananaje hahitaji muda mrefu kukitafuta. Dutu hiyo ndiyo lovastatini. Na Endo naye, huko chuoni kwake, mapema 1979 aliitoa dutu hiyohiyo kwenye ukungu mwingine, Monascus ruber, akaiita monakolini K. Hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, zikagawanyika nchi kwa nchi kati ya pande hizo mbili.

Tetesi za mbwa wa Sankyo ziliwafanya Merck nao wasimame mwaka 1980. Kilichowarudisha barabarani ni madaktari wa Marekani wenye wagonjwa wa kolesteroli ya kurithi, walioomba dawa kwa ajili ya watu wao ambao hawakuwa na njia nyingine. Merck ikarudia majaribio marefu ya wanyama, limfoma haikuonekana kwa mbwa wake, na Septemba 1987 lovastatini ikaruhusiwa Marekani. Sankyo yenyewe haikuitupa kazi ya Endo moja kwa moja: ilitumia kompaktini kutengeneza pravastatini, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1989.

Bado watu walikuwa na haki ya kuuliza: sawa, namba ya kolesteroli imeshuka, lakini je, watu wanaishi zaidi? Jibu lililonyamazisha wengi lilitoka nchi za Skandinavia mwaka 1994. Wagonjwa wa moyo 4,444 waligawanywa makundi mawili; nusu walimeza simvastatini, statini nyingine, nusu kidonge kisicho na dawa, kwa zaidi ya miaka mitano. Waliokufa bila dawa walikuwa 256, waliokufa wakiwa na dawa 182. Mwaka 2010 yalijumlishwa majaribio 26 yenye watu wapatao 170,000: kila LDL inaposhushwa kwa milimoli moja kwa lita, mishtuko ya moyo, kiharusi na haja ya kuzibuliwa mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Na waliomeza statini hawakupata saratani zaidi ya wasiomeza. Kwa swali la saratani, mimi nawasikiliza watu hao 170,000 kabla sijawasikiliza mbwa wa 1980.

Kuhusu kwamba Endo hakuzimeza, hilo nalo lina chembe ya ukweli. Uzeeni alipopimwa na kukutwa kolesteroli imepanda kiasi, daktari asiyejua anaongea na nani alimwambia asihofu, kuna dawa nzuri sana siku hizi. Endo alisimulia hayo mwenyewe akicheka, akasema aliamua kuanza na mazoezi. Lakini baba yako ana kisukari, na kisukari chenyewe huharibu mishipa ya damu. Ndiyo maana mtu mwenye kisukari wa umri wake huandikiwa statini hata kama kolesteroli yake haijapanda sana.

Faida ya fedha kutoka kwenye statini haikumfikia Endo, ingawa atorvastatini ilikuja kuwa miongoni mwa dawa zilizouzwa kuliko zote duniani. Alipewa Tuzo ya Japani mwaka 2006 na Tuzo ya Lasker mwaka 2008. Nobel hakupewa, nami ni mmoja wa wanaoona kwamba alidhulumiwa. Brown na Goldstein wenyewe wameandika kwamba mamilioni ya watu wanaoongezewa umri na dawa hizi wana deni la shukrani kwake.

Sasa lile kopo. Unga wa mchele mwekundu, ule unaouzwa kwa ajili ya kolesteroli, ni mchele uliooteshwa ukungu wa Monascus. Umeliona jina hilo hapo juu. Ndani yake mna monakolini K, ambayo ni lovastatini, molekuli ileile kabisa. Baba amekimbia statini ya kiwandani, akanunua statini ya kopo. Kasoro ni kwamba kidonge chake kinajulikana kina miligramu 20, ilhali kopo linaweza kuwa na nyingi, kidogo au hakuna, na kopo la leo lisifanane na la kesho. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliagiza bidhaa hizi ziwe na chini ya miligramu 3 za monakolini kwa siku. La pili ndilo linalonisumbua zaidi: ukungu wa Monascus unaweza kutengeneza pia sitrinini, ile sumu ya figo ambayo Endo aliiweka kando mwaka 1972, na imekutwa kwenye bidhaa za namna hii mara nyingi. Mwenye kisukari hana figo za kuchezea. Aliache, na kwa vyovyote asitumie kopo na vidonge kwa pamoja, maana atakuwa anameza statini mbili.

Kabla hajaanza vidonge, muulizeni daktari wake kama ini lilipimwa. Kama bado, lipimwe. Kumeza usiku si lazima kwa atorvastatini, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu. Achague saa ambayo hatasahau. Kipimo cha kolesteroli kirudiwe baada ya wiki 4 hadi 12. Kwa dozi hiyo tunatarajia LDL ishuke kwa takriban asilimia 40, na isiposhuka kabisa, swali la kwanza ni kama vidonge kweli vinatoka kabatini. Statini huweza kupandisha sukari kidogo, kwa hiyo aendelee kupima sukari yake kama kawaida. Faida kwa moyo ni kubwa kuliko hilo. Akiandikiwa antibiotiki ya klarithromaisini au dawa ya fangasi ya kumeza, amwambie mfamasia kwamba yuko kwenye atorvastatini, na asinywe juisi ya balungi kwa wingi.

Misuli ikiuma kidogo asiache ghafla kimyakimya, aje aseme. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 2020 lililowachukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya maudhi, wakapewa kwa zamu dawa halisi, kidonge kisicho na dawa, na miezi mingine hawakupewa kitu. Takriban asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata wakiwa kwenye statini yalijitokeza pia kwenye kidonge kitupu. Yaani maumivu ni ya kweli, ila mara nyingi dawa siyo iliyoyaleta. Lakini misuli ikiuma sana, ikalegea, na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, hapo asingoje miadi: aache dawa siku hiyohiyo na mwende hospitali.